Mt. Alfonsi: anayerudia dhambi ileile anaitumaini huruma au anaichezea?

Mwezeshaji wa Vijana:
Tumsifu Yesu Kristo. Naandaa semina juu ya mafundisho ya Mt. Alfonsi Maria wa Liguori, mwalimu wa maadili wa karne ya 18, na kuna mahali pananikwamisha. Anafundisha kwamba hakuna mdhambi wa kukatiwa tamaa, kisha anamkemea vikali anayesema “ngoja nitende, Mungu ni mwenye huruma, nitaungama”. Vijana watauliza tu: yule anayeungama dhambi ileile kila mwezi yuko kundi gani? Padri amwondolee dhambi au amrudishe bila maondoleo?

Mwanamaadili:
Milele amina. Shika Luka 1:50, maana Alfonsi mwenyewe anaushika mstari huo: rehema ni kwa hao wamchao Mungu. Aliyeanguka akajuta anaiegemea huruma. Anayeihesabu kabla hajaanguka ameigeuza kibali cha kutenda dhambi, na huyo hana majuto wala kusudi la kuacha. Bila hayo mawili maondoleo hayana pa kushika.

Kuhusu mrudiaji, uliza kwanza chanzo. Kuna nafasi ya karibu ya dhambi, yaani mtu, mahali au hali inayomwangusha kwa urahisi, na kuna udhaifu wa ndani. Nafasi ambayo mtu anaweza kuiacha, aiache. Kama aliahidi huko nyuma asitimize, muungamishi amtake aiondoe kwanza ndipo amwondolee. Chukua anayeangukia picha chafu usiku kitandani: simu ilale chumba kingine. Akikataa hata hilo, kusudi lake lina walakini. Nafasi isiyoepukika, kwa mfano kuishi nyumba moja na anayemkwaza, haimfungii mlango. Anatakiwa kuifanya iwe ya mbali: asikae naye faraghani, azidishe sala, apokee sakramenti mara kwa mara.

Kwa udhaifu wa ndani Alfonsi ni mpole zaidi. Anaona kumcheleweshea maondoleo mtu wa namna hii ni nadra kumfaa, kwa kuwa neema ya sakramenti ndiyo itakayomtia nguvu. Hata hivyo anataka dalili: amekuja bila kusukumwa na mtu, ametumia dawa alizopewa, au maanguko yamepungua ingawa kishawishi ni kilekile. Kwa hiyo vijana wasihesabu miezi. Waulize ni nini kimefanyika kati ya ungamo moja na jingine.

Mkufunzi wa Katekesi:
Naongeza jambo ambalo semina nyingi huliruka. Hayo ya juu ukimpa mwenye wasiwasi wa dhamiri, utamvunja. Huyo anarudia ungamo kwa hofu tu kwamba hakueleza vizuri. Sheria ya Kanisa inadai dhambi za mauti, yaani zile nzito, zitajwe kwa aina na idadi kadiri mtu anavyokumbuka baada ya kuchunguza dhamiri kwa makini. Iliyosahauliwa kwa nia njema imesamehewa pamoja na nyingine, itatajwa tu ungamo lijalo. Kwa mwenye wasiwasi Alfonsi anaweka kipimo kigumu makusudi: asirudie dhambi ya zamani isipokuwa anaweza kuapa kwamba ilikuwa ya mauti na hajawahi kuiungama. Amtii muungamishi mmoja. Akizunguka kwa mapadri watatu atapata majibu matatu, na wasiwasi utaongezeka.

Alfonsi mwenyewe aliteswa na wasiwasi huo, ndiyo maana anaandika juu yake kwa huruma kubwa.

Mwezeshaji wa Vijana:
Nimeelewa. Na mtu akiwa na shaka kama kweli kuna sheria inayomkataza jambo fulani?

Mwanamaadili:
Hapo ndipo uanasheria wa Alfonsi huko Napoli, kabla ya upadri wa 1726, unapoonekana. Sheria yenye shaka haiwezi kuleta wajibu wa hakika. Hoja za pande mbili zikilingana au karibu kulingana, mtu yuko huru. Upande wa sheria ukizidi kwa wazi, aufuate. Wakali wa karne ile, hasa Wajanseni, kundi la Wakatoliki wenye msimamo mkali wa maadili, walitaka sheria ifuatwe hata penye shaka, na watu wakaziogopa sakramenti. Ila kanuni hii usiipeleke kwenye uhalali wa sakramenti wala penye hatari kwa mwingine. Mwindaji asiyejua kama kilichotikisa kichaka ni mnyama au mtu, asifyatue.

Mkufunzi wa Katekesi:
Na usisahau sala, maana kwa Alfonsi ndiyo sharti la yote: anayesali anaokoka, asiyesali anapotea. Wape vijana dawa zake mbili: Salamu Maria tatu asubuhi na jioni, na kulitaja jina la Yesu na la Maria mara kishawishi kinapoanza. Hiyo ya pili inasaidia hata baadaye. Aliyebaki na shaka kama alikubali kishawishi au la, lakini anakumbuka kwamba aliita majina hayo, ana dalili nzuri kwamba hakukubali.