Naomba ushauri: kupandisha Slurm kutoka 20.11 hadi 22.05

Habari zenu wakuu. Nasimamia kompyuta sita zinazogawiwa kazi na programu ya Slurm 20.11 kwenye mfumo endeshi wa Debian 11. Nataka kuhamia Debian 12, inayokuja na Slurm 22.05. Najua slurmdbd (ya hifadhidata) ndiyo hutangulia, kisha slurmctld (ya seva kuu), slurmd (ya mashine za kazi) mwisho.

Kinachoninyima usingizi ni kazi ya mwanafunzi mmoja: imeshakula siku tisa, na kila nikiangalia squeue (orodha ya kazi) bado inaonyesha R, yaani inaendelea. Ikikatika, anaanza upya, na tarehe yake ya kukabidhi imekaribia mno.

Nimeshachukua nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, pamoja na folda ya StateSaveLocation (slurmctld inapohifadhi hali ya kazi). Je, nipandishe seva kuu tu, mashine za kazi zibaki na 20.11 hadi amalize? Aliyewahi kufanya hivyo anisaidie tafadhali.