Filamu za Mfalme Arthur: nani aliwaambia adui alitoka nje?

Wakuu, uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo nautoa.

Jana usiku nimerudia First Knight, ile filamu ya 1995 ya Sean Connery na Richard Gere, nikiwa na mpwa wangu ambaye juzi tu amemaliza kusoma kisa cha Arthur, yule mfalme wa hadithi za kale za Uingereza. Ilipoisha akaniuliza, "Mjomba, mbona Mordred hayumo?" Kweli hayumo, yule msaliti wa ndani ya nyumba. Wamemtoa, wakamweka Malagant, muasi aliyejitoa Meza Duara, kundi la mashujaa wa mfalme. Tena angalieni anaingia saa ngapi: Lancelot, shujaa wa mfalme, na malkia wameshitakiwa mbele ya watu kwa mapenzi yao, aibu iko uwanjani, mfalme analazimika kuamua, na hapo hapo jeshi la Malagant linavamia. Kesi imekufa! Mfalme anapigwa mishale, na akiwa anakata roho anamkabidhi Lancelot mke wake. Hakuna aliyelipia chochote.

Sasa fungua kitabu cha Thomas Malory, alichokiandika akiwa mfungwa, William Caxton akakichapa mwaka 1485. Mle Camelot, makao ya Arthur, inavunjwa na watu wa Camelot. Lancelot anampenda mke wa rafiki yake. Agravaine na Mordred wanaianika siri. Malkia anahukumiwa kuchomwa moto. Gareth, ambaye Lancelot mwenyewe ndiye aliyempa cheo cha ushujaa, anaamriwa na mfalme kwenda kusimamia hukumu, naye anakwenda bila silaha kwa sababu moyo wake unakataa. Lancelot anaingia na farasi kumwokoa malkia, anakata huku na huku, na katika purukushani ile anamuua Gareth bila kumtambua. Kipande hicho nimekisoma mara nyingi na bado kinanikaba koo. Baada ya hapo Gawain, kaka yake Gareth, hataki kusikia suluhu. Anamvuta mfalme mpaka Ufaransa kumzingira Lancelot, na nchi anaachiwa Mordred, mtoto wa Arthur mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wenye kisa cha Fumo Liyongo hatuhitaji kufundishwa hili: maadui wote walimshindwa, mwanawe akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Mtoe yule mtoto kwenye kisa, umebaki na nini?

Ile ya 2004 ya Antoine Fuqua ndiyo iliyonichefua zaidi, maana walitutangazia kwamba huo ndio ukweli wenyewe. Arthur ni afisa wa Kirumi, adui ni Wasaksoni, tena wanashuka kutoka kaskazini ya Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, watu waliovuka bahari wakaingilia kusini na mashariki! Lancelot anakufa vitani kabla hajamkosea rafiki yake, Arthur anaoa, watu wanashangilia. Lancelot tunaanza kumwona kwa Chrétien de Troyes, mshairi Mfaransa wa karne ya 12, na mapenzi yake kwa malkia ndiyo yaliyompa jina. Mmemchukua mtu wa mashairi mkamwita historia, halafu mkamnyima jambo lake.

Ya Guy Ritchie ya 2017 sitaipotezea muda. Tembo wakubwa kama milima, baba mdogo mchawi, Lancelot hakuna. Zilitumika zaidi ya dola milioni 170, mauzo hayakufika 150, na mpango wa filamu sita ukaishia kwenye moja.

Inayoniuma ni The Green Knight ya 2021, ya Gawain na yule shujaa wa kijani, kwa sababu imetengenezwa na watu wenye uwezo. Katika shairi la karne ya 14 Gawain ni mtu safi kuliko wote. Kosa lake ni moja: alificha mshipi aliopewa na mke wa mwenyeji wake, kwa kuwa aliambiwa utamwokoa asife kwa shoka la yule shujaa wa kijani. Kwa hilo tu anarudi nyumbani amejaa aibu. Filamu inamwanza akiwa mlevi ambaye hata ushujaa hajapewa. Ambaye hajapanda utamwangusha kutoka wapi? Dev Patel simlaumu, aliigiza vizuri sana. Na wanaolalamikia rangi yake wakasome kisa cha Kiholanzi cha Moriaen, karne ya 13, kijana mweusi wa kichwa mpaka mguu, baba yake Aglovale wa Meza Duara.

John Boorman, kwenye Excalibur ya 1981, angalau alimwacha Mordred. Aligeuza mkuki, maana kitabuni ni Arthur anayemchoma mwanawe, na Mordred anajisukuma kwenye mkuki huo huo mpaka amfikie baba yake ampige kichwani. Lakini baba na mwana wanauana, nimemsamehe.

Mimi nadai tukio moja la kitabu cha Malory. Majeshi mawili yamesimama, baba na mwana wanakubaliana amani, nyoka anatoka kichakani anamuuma askari mguuni, askari anachomoa upanga amuue nyoka. Majeshi yanaona upanga. Basi.

Anayejua filamu iliyolipiga tukio hilo kama lilivyoandikwa aiweke hapa, nimwonyeshe mpwa wangu.