Bangkok au Kuala Lumpur? Mliokaa huko nisaidieni

mama_south_b
Wapendwa, nina barua mbili za kazi ya uhasibu na siku kumi za kujibu. Moja Bangkok, nyingine Kuala Lumpur. Bangkok wanaongeza kama elfu arobaini kwa mwezi, pesa za Kenya. Nina mume na binti wa miaka minne, na nje ya Nairobi sijaishi ila bweni la Machakos. Picha za maghorofa nimeona za kutosha. Niambieni ya nyumba, chakula, na ile miezi mitatu ya kwanza.

mzee_wa_sukhumvit
Dada, huu ni mwaka wangu wa sita Bangkok. Hizo elfu arobaini usizihesabu bado. Nyumba ni amana ya miezi miwili na mwezi mmoja mbele. Stima ndiyo itakushangaza: majengo mengi mwenye nyumba anakuuzia yuniti kwa bei yake, juu ya ile ya serikali. Utajiambia wewe ni mtu wa Nairobi, kiyoyozi cha nini. Ngoja Aprili ifike.

Kila siku 90 unaripoti uhamiaji kwamba bado uko anwani ile ile. Ni fomu tu, lakini ukisahau ni faini. Mwenye nyumba naye anatakiwa akuandikishe ndani ya saa 24, na wengine hukwepa, kwa hiyo muulize kabla hujatia sahihi.

Uzuri: treni ya juu haina foleni, na bodaboda wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, mara nyingi bei iko ubaoni pale stejini. Sukuma wiki hamna, ila kuna mboga inaitwa khana. Ikate nyembamba, kaanga na kitunguu na nyanya, kula umefumba macho.

binti_pwani_kl
Dadangu, njoo huku Kuala Lumpur. Siku ya kwanza mtu aliniuliza "apa khabar", nikajibu "nzuri" kabla sijafikiri. Sabuni ni sabun, dunia ni dunia, Alhamisi ni Khamis. Kuzungumza Kimalei bado nababaisha, lakini ofisini na hospitali Kiingereza kinatosha. Hata plagi ni ile ile ya meno matatu. Asubuhi nakula roti canai na mchuzi wa dengu. Ni chapati, usidanganywe na jina.

Sasa machungu. Nyumba: amana miezi miwili, nusu mwezi ya maji na stima, na mwezi wa kwanza. Mitatu na nusu kwa mkupuo. Halafu kodi ya mapato: mgeni ambaye hajatimiza siku 182 ndani ya mwaka hukatwa 30%. Mimi nilianza Septemba, siku hazikutimia kabla ya Desemba kuisha. Pesa nilikuja kurudishiwa baadaye sana, na mwenye nyumba hakungoja.

jogoo_guangzhou
Mbona Guangzhou, China, hamuitaji? Mtaa wa Xiaobei Waafrika tele.

mama_south_b
Ndugu yangu, Guangzhou sijapewa kazi.

jogoo_guangzhou
Sawa. Hata hivyo WhatsApp huku imefungwa, kikundi cha ukoo wangu wananidhania nimekufa.

karani_wa_viza
Kabla ya khana na chapati: nani amekupa kazi ya Bangkok? Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilionya kuhusu Wakenya walioahidiwa kazi Thailand wakaishia Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwajiri wa kweli hukutumia karatasi uombe viza ya kazi ukiwa bado Kenya. Ukiambiwa uje kwanza kama mtalii, kaa kwako. Na popote uendako, chanjo ya homa ya manjano ichome siku kumi kabla ya safari.

mzee_wa_sukhumvit
Karani amesema kweli. Ningeanza na hilo mimi, nikakimbilia mboga.

mama_south_b
Nimewauliza wa Bangkok. Jibu: "njoo na viza ya utalii, tutabadilisha huku." Mume alisoma mara mbili, akarudisha simu mezani bila neno.

Wa Kuala Lumpur nimewaomba nianze Januari badala ya Septemba, wamekubali. Binti_pwani, hiyo roti mtoto ataila, au ni pilipili?

binti_pwani_kl
Pilipili iko kwenye mchuzi. Yeye mwagizie ya maziwa mazito ya kopo. Lakini uji ndio usahau, hataugusa tena.