MREJESHO: Skripti ya Bash iliyogoma Agosti na Septemba tu

Wakuu, mrejesho wa ile skripti ya mauzo ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, iliyokuwa ikichukua mwezi kwa tarakimu mbili (07, 08) na kukwama na "08: value too great for base" (namba imezidi kizio chake). Bash, programu inayotekeleza amri za skripti, haina kosa. Ndani ya $(( )), alama za kufanyia hesabu, namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa kizio cha 8, kisicho na tarakimu 8 wala 9. Ndiyo maana 07 ilipita. Dawa ni $((10#$mwezi)): 10# inalazimisha kizio cha 10, na mwezi ni jina la kigeu kinachobeba namba ya mwezi; hiyo $ yake msiiache. Mwongozo wa Bash umeyasema haya, ila yamejificha sehemu ya hesabu. Nani anafika huko? Kwa date ya GNU (amri ya tarehe iliyozoeleka kwenye Linux), date +%-m inatoa mwezi bila sifuri. Kagueni na namba za risiti: 010 haigomi, inageuka 8 kimyakimya.