Honda yangu inalia kachakacha, nisaidieni kabla ya Ijumaa

Mtu wa Wete: Assalaam alaykum. Nna Honda CG125 ya zamani, kaniachia ami alipohamia Unguja. Asubuhi nikiiwasha inalia kachakacha, kama vijiwe ndani ya kopo. Ikipata moto nikaipa resi, kelele inapungua. Nshakaza madigadi, kava la cheni, ekzosi, mpaka stendi. Wapi! Nikitia mafuta mazito itanyamaza?

Bi Mshangao: Wa alaykum salaam. Ijumaa kuna nini?

Vespa Mbovu: Yangu ililia hivyo hivyo mwaka mzima. Nikafungua kabureta, nikabadilisha shokapu, nikagombana na mafundi wote wa Michenzani. Kumbe spana kumi na tatu imesahauliwa ndani ya ubavu, chini ya kava! Na mwenye spana alikuwa akinidai.

Fundi wa Chake: Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini sikioni, uisogeze pole pole. Jihadhari na ekzosi, inababua. Kisha vuta klachi. Ikinyamaza, ugonjwa uko huko. Halafu tapeti: CG hupimwa injini ikiwa baridi, uwazi 0.08 mm, valvu zote mbili. Imeanza lini?

Mtu wa Wete: Klachi nimevuta, hakuna tofauti. Imeanza tu wenyewe.

Fundi wa Chake: Kelele haianzi tu. Nani kaigusa?

Mtu wa Wete: Kuna fundi kaifungua mwezi uliopita, katia cheni mpya ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Lakini ni mtu mzuri, nshamlipa, sitaki kumrudia kwa maneno. Na Ijumaa shemeji, mume wa dada, anakuja kuichukua. Keshanipa nusu, nami nshanunulia mabati. Nimeuliza mafuta tu jamani.

Mwana wa Chuoni: Ahaa. Kumbe unatafuta dawa ya kuificha aibu mpaka mnunuzi afike barabarani. "Atakayetughushi si katika sisi", umeisahau?

Vespa Mbovu: Mume wa dada? Muuzie. Wangu hajanirejeshea hela ya harusi yake mwenyewe.

Mkia wa Taa: Nyinyi mnajibu hadithi. CG125 haina cheni ya taimingi! Tangu ilipotoka 1976 ni injini ya fimbo: kemu, ile inayofungua valvu, iko chini, inazungushwa kwa gia si cheni, fimbo mbili zinasukuma valvu. Huyu anatunga. Juzi mwengine alituletea friji inayokohoa usiku, tukakesha naye.

Mtu wa Wete: Wallahi situngi!

Fundi wa Chake: Ama umelipishwa cheni isiyokuwepo, ama injini si ya CG. Tazama juu ya kichwa. Kifuniko kimoja kikubwa, hiyo ya fimbo. Ukiona vizibo viwili vya kufungua kwa spana, mbele na nyuma, hapo mna cheni.

Mtu wa Wete: Vizibo viwili. Injini ami kaibadilisha zamani, katia ya Kichina. Lakini tangi la CG, fremu ya CG, kadi ya CG. Mimi ningeiitaje?

Mkia wa Taa: Mtihani huu. Nimerudisha maneno yangu nusu.

Fundi wa Chake: Sasa tunazungumza. Cheni mpya, kikaza cheni je? Huenda kaacha kilekile kilichochoka, au kakirudisha vibaya. Cheni ikilegea inapigapiga ukuta, hasa asubuhi. Ikiruka meno, valvu inaweza kukutana na pistoni, na hapo pesa ya mabati haitotosha. Mafuta mazito hayakazi cheni, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoogesha klachi. Usiiwashe mpaka ifunguliwe, na aifungue aliyeifunga.

Mwana wa Chuoni: Namba ya injini kwenye kadi?

Mtu wa Wete: Ya ile ya mwanzo.

Mwana wa Chuoni: Shemeji anajua?

Mtu wa Wete: Hajauliza.

Bi Mshangao: Na dada yako?

Mtu wa Wete: Dada ndiye aliyetoa zile pesa.

Vespa Mbovu: Mabati yenyewe geji ngapi?