Tenisi kwa watoto Mtwara: klabu ya mjini, uwanja wa shule, au likizo Dar?

MamaNasra_Ligula

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo ya waliopita njia hii. Nina binti wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 13. Wote wawili wameipenda tenisi tangu shemeji yangu alipowaletea raketi, na sasa nina njia tatu mbele yangu.

Ya kwanza ni klabu ya watu wazima hapa mjini. Uwanja wa zege, wavu mzima, na Jumamosi asubuhi watoto wanapewa saa moja na nusu. Ya pili ni mwalimu wa michezo shuleni kwao, anataka kuanzisha mazoezi siku tatu kwa wiki baada ya masomo, ila uwanja wa tenisi hakuna. Ya tatu ni dada yangu wa Kijitonyama, Dar. Anasema niwapeleke likizo ya Juni wakae mwezi mzima na kocha.

Jumamosi iliyopita nilikaa pembeni ya uwanja nikiwatazama. Binti yangu anashika raketi shingoni badala ya kwenye mpini, maana akiishika chini inamvuta mkono. Mpira ukidunda unampita juu ya kichwa, anaufuata mpaka kwenye uzio wa seng'enge, anarudi, unampita tena. Nilihesabu mipira aliyoirudisha ng'ambo ya wavu asubuhi nzima: saba. Tukiwa kwenye bajaji akaniuliza, "Mama, mimi ni mfupi sana kwa tenisi?" Nilikosa la kumjibu.

Kocha_Mtanda (Lindi)

Pole mama Nasra. Mwambie hana kasoro yoyote, amepewa mpira na raketi za watu wazima. Tangu Januari 2012 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa (ITF) haliruhusu mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Wao wana mipira mitatu: mwekundu ambao kasi yake imepunguzwa kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, na wa kijani asilimia 25. Mtoto wa miaka 9 hukaa kwenye ule wa chungwa. Raketi yake iwe ya inchi 23 hadi 25. Hiyo aliyonayo bila shaka ni ya 27.

Uwanja nao hupunguzwa. Wa watu wazima una urefu wa mita 23.77, wa mpira wa chungwa una mita 18. Sasa kamuulize mwalimu wa michezo uwanja wa mpira wa wavu una mita ngapi. Ni 18 kwa 9! Ana uwanja wa tenisi wa watoto na hajaujua. Apunguze upana kwa chaki ubaki mita 6.5, ashushe wavu mpaka sentimita 80 kutoka chini, basi.

Wasiwasi wangu ni ardhi. Viwanja vingi vya shule za kwetu ni mchanga, mpira ukitua unalala hapo hapo. Kama kuna sakafu ya saruji, hata ya mpira wa kikapu, hamieni huko mchore mistari yenu. Kama hakuna, mwageni maji jioni, mshindilie udongo, mfanye hivyo kila wiki. Nimefanya mwenyewe Lindi. Ni kazi, lakini mpira unadunda.

MzeeWaKusi

Kocha amesema kweli juu ya binti. Juu ya kijana wa miaka 13 mimi naona tofauti. Huyo uwanja wa mita 18 utamfunga miguu. Ameshafika umri wa uwanja mzima na mpira wa njano, na klabuni atapata kitu ambacho shule haina: watu wanaomzidi.

Nimecheza hapa Mtwara miaka mingi. Kijana anayefika mapema na kukaa pembeni na raketi yake hakosi mchezo, kwa sababu kila wiki kuna siku wazee tuko watatu na mchezo wa wawili wawili unataka wanne. Tunamwita. Mara ya kwanza anatetemeka, mara ya tano anatusumbua. Hapo ndipo anapojifunza kuhesabu pointi, kukubali kwamba mpira wake umetoka, na kumpa mwenzake mkono baada ya mchezo.

Mama, hiyo saa moja na nusu ya Jumamosi isikutishe. Muombe kiongozi wa klabu kijana aruhusiwe kuingia siku za kazi uwanja unapokuwa mtupu. Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila mzazi lazima aulize.

Naliendele_Kwetu

Nami naongeza la pesa, maana hakuna anayelitaja. Mimi ni mkulima wa korosho, na ada ya kila mwezi inanishinda kati ya Machi na Septemba. Nilikubaliana na klabu nilipe mwaka mzima kwa mkupuo malipo ya korosho yakitoka. Ulizeni, wanaelewa.

Dada_Mikindani

Shikamoo mzee wa Kusi, shikamoo kocha. Mama Nasra, nizungumze kuhusu Dar maana nilipelekwa huko nikiwa na miaka 14.

Ni zaidi ya kilomita 550 kwa basi. Nilifika nikiwa na mkono mzuri, kila mtu nyumbani alikuwa akinisifu. Mechi yangu ya kwanza nilifungwa 6-0, 6-1 na binti mdogo kuliko mimi. Hakupiga vizuri kunizidi, lakini alikuwa amecheza mechi nyingi na mimi nilikuwa nimecheza mazoezi tu. Nikisimama kuanzisha mpira kwenye 30-40, yaani nikikosa pointi hiyo moja nimepoteza mchezo huo, mkono wote unakuwa mgumu. Hilo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Kwa hiyo usiwapeleke kwa mwezi wa mazoezi. Mazoezi yapo hapa. Wapeleke wiki yenye mashindano ya watoto, kwa hiyo ulizia kwanza kalenda ya Chama cha Tenisi Tanzania (TTA), ndipo ukate tiketi. Na usilipe yote mbele! Wazazi wangu walilipia miezi mitatu sehemu moja, kocha akaondoka wiki ya pili na pesa haikurudi.

Kwa kijana wako, mashindano ya ITF ya chipukizi duniani ni ya miaka 13 hadi 18, kwa hiyo mlango ndio kwanza unafunguka. Angella Okutoyi wa Kenya alilelewa na bibi yake Nairobi, familia haikuwa na uwezo, na mwaka 2022 akachukua ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon. Mimi nilikuwa nimeshaacha mashindano siku ile. Nilikaa mbele ya runinga nikalia.

Kocha_Mtanda (Lindi)

Dada, hilo la mechi umelisema vizuri kuliko mimi. Mwalimu wa shule atenge siku moja kati ya hizo tatu iwe ya kuhesabu pointi tu, hata seti fupi za michezo minne.

Jambo jingine: ITF ina mpango wa watoto wa miaka 14 na chini unaopitia vyama vya taifa, unasaidia vifaa na mafunzo ya walimu. Mwalimu aandike barua TTA, aeleze ana watoto wangapi na anafanya siku zipi. Aanze kwanza ndipo aandike.

MamaNasra_Ligula

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana mwalimu na mimi tumepima uwanja wa wavu kwa futi kamba. Mita 18 kamili. Mchanga ni mwingi upande mmoja, kwa hiyo tumeomba sakafu ya mpira wa kikapu, na mwalimu mkuu amekubali Jumatatu na Jumatano. Binti ataanza huko. Kijana atabaki klabuni. Dar itasubiri kalenda.

Tatizo ni mipira ya chungwa, madukani hapa sijaiona. Dada yangu atanitumia kwa basi akiipata. Wakati tunasubiri tutumie nini?

Kocha_Mtanda (Lindi)

Mipira ya njano iliyochoka. Kopo likishafunguliwa, hewa ya ndani ya mpira hupungua wiki hadi wiki, na ukifa hivyo haupandi tena juu ya bega la mtoto. Si sawa na wa chungwa, ila utawavusha.

MzeeWaKusi

Ninayo ndoo nzima nyumbani. Mama Nasra, mlete kijana Jumamosi kabla ya saa moja, upepo wa kusi ukiwa bado haujaanza. Tupo watatu. Ndoo utaondoka nayo.