Ukoo Wetu: nyimbo za Krismasi walizohamia nazo baa

Dada Sheffield: Shikamooni wakubwa wote. Hapo juu nimetuma klipu tatu, mwenye bando afungue. Ni baa ya mtaa wa pili huku kwetu Sheffield, Uingereza, na hao wanaopiga ni majirani tu, yule wa fidla fundi bomba, mama wa kodiani nesi wa wodi yetu. Jana wamepiga Krismasi mpaka baa inafungwa na sikusikia hata wimbo mmoja ninaoujua, mie niliyekulia kwaya ya watoto jamani

Mjomba Muheza: Marahaba mwanangu. Sasa hizo ni nyimbo za Bwana Yesu, na watu wana glasi mkononi?

Kaka Dar: Mjomba sikiliza kwanza ya pili ndo uulize

Baba Mdogo: Kabla hamjaenda mbali, mchango wa mbuzi bado watu sita. Endeleeni

Dada Sheffield: Natuma usiku huu Baba Mdogo. Mjomba swali lako ndo nililomuuliza yule nesi, na jibu lake limenikaa moyoni mpaka sasa. Zamani makanisa mengi ya vijijini Uingereza hayakuwa na kinanda, walikuwa na bendi ya wanakijiji inakaa kwenye roshani ya nyuma ya kanisa, fidla, klarineti, selo, na wanaoimba ni wakulima, wahunzi, mafundi viatu, wengine wanatunga wenyewe. Halafu karne ya 19 mapadre wakataka ibada yenye utulivu, wakaingiza vinanda na kwaya za kanzu nyeupe zinakaa mbele, wale wa roshani wakaambiwa basi. Hapo ndo wakabeba vyombo vyao na nyimbo zao wakahamia baa, sehemu nyingi zikafa lakini vijiji vya huku pembeni mwa Sheffield wameshika mpaka leo

Shangazi Mkunazini: Loh! Kwahivyo hawakumpeleka Yesu baa kwa kutaka, walitolewa kanisani masikini

Mjomba Muheza: Nimesikiliza ya pili. Nimerudia tena. Wanaume wanaanza, wanawake wanawapokea katikati ya mstari, halafu besi wanawarudia chini, hiyo kazi si ya mchezo, mimi kwaya yangu ningewafundisha mwezi mzima. Hawana karatasi?

Dada Sheffield: Karatasi hamna Mjomba, wamezikuta kwa wazazi wao. Hiyo tuni, yaani sauti ya wimbo bila maneno, inaitwa Cranbrook, katunga Thomas Clark, fundi viatu wa Canterbury, mwaka 1805. Baadaye watu wa huku Yorkshire wakaichukua wakaimbia wimbo wa utani wa jamaa aliyekwenda nyikani bila kofia, na ndo wengi wanavyoijua siku hizi, lakini ilizaliwa kanisani

Mjomba Muheza: Na maneno?

Dada Sheffield: Wachungaji makondeni usiku, Luka 2. Aliyeyapanga kwa beti ni Nahum Tate, yalichapwa 1700. Sasa utamu uko hapa, maneno hayo hayo wanayo kwa tuni zaidi ya kumi! Kila kijiji kina yake inayoipenda, na jioni moja wanaweza kuwaimba wachungaji mara tatu nne, kila mara tuni nyingine. Klipu ya tatu pia ni wachungaji ila wamewaongezea kiitikio cha kengele. Na si mambo ya kale tu, kijiji cha Stannington kina wimbo wake wenye jina la kijiji, tuni katunga mama anaitwa Mina Dyson mwaka 1950. Nikipata ofu nataka niende kijiji cha Dungworth, pale baa ya Royal Hotel wanaimba Jumapili mchana, wanaanza katikati ya Novemba mpaka tarehe 26 Desemba, na watu wanajazana wamesimama

Kaka Dar: Huku kwetu ni keybodi na spika tu, nyimbo zile zile nane kila mwaka, na sizichukii ila

Shangazi Mkunazini: Sasa mie kuna kitu nakiona, nivumilieni maana naandika taratibu. Hao wamisionari wetu wa UMCA, Waanglikana walioleta kanisa huku kwetu, walitoka vyuo vya Oxford na Cambridge, ndio khasa mkondo wa kanzu nyeupe, ubani na kinanda. Jiwe la msingi la kanisa letu hapa Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, sasa hesabuni, kule kwao bendi za roshani zilikuwa zinamalizika miaka hiyohiyo. Ndio maana sisi tukapokea kinanda peke yake tukadhani ndio Ukristo wote, hatukujua kama na wao walikuwa na fidla na watu wa kijiji wanatunga!

Mjomba Muheza: Shangazi umesema neno zito. Na misheni yao ya Magila, huku Muheza, hivyo hivyo. Ndani kitabu na kinanda, na nje baada ya misa ya usiku wamama wanaimba zao za Kibondei mpaka alfajiri. Zile hazikuwemo kwenye kitabu chochote na mimi mwalimu wa kwaya miaka yote sikuwahi kuziandika, wala hakuna aliyeniomba

Kitinda Mimba: Niko na Bibi hapa Magila nimemuwekea klipu kwenye spika. Anagonga meza jamani. Anasema hiyo ya tatu irudie

Kitinda Mimba: Anasema na wao walikuwa nao wa wachungaji, waliimba nje tu kwasababu ngoma ilikuwa haiingizwi ndani. Ameanza kuimba!! ubeti wa kwanza na wa tatu anao, wa pili umempotea

Dada Sheffield: REKODI. Acha kila kitu rekodi sasa hivi nakuomba

Mjomba Muheza: Usirekodi sebuleni, feni inavuma. Kaa naye barazani, simu iweke karibu na kifua chake, aimbe mara mbili, ya kwanza taratibu maneno yasikike, ya pili vile walivyokuwa wanacheza. Na umuulize nani alikuwa anaanza na nani wanaitika

Kaka Dar: Mimi nakuja na ngoma tarehe 23, ile ya marehemu babu ipo kwangu

Kitinda Mimba: Bando linaisha

Baba Mdogo: Nimekurushia. Ya mbuzi itasubiri

Shangazi Mkunazini: Ubeti wa pili anao dada yake Bibi wa Korogwe, wakiimba pamoja tangu wasichana. Nampigia sasa hivi, wewe mwache Bibi anywe maji kwanza asikauke sauti